Andiko la Kumi na Nne la Meja Zipora Makoye

Mchungaji, wazee wa ukoo, maofisa mlio kazini na mliostaafu, wachimbaji mliosimamisha maduara yenu ya kuchimbia dhahabu huko Bugarama mkapanda malori kuja kutuzikia, majirani zetu wa Kahama na ndugu wote mliofika hapa Ng'wabusili, poleni na safari, na poleni kwa msiba huu ambao ni wetu sote. Naitwa Edson Makoye, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mdogo wake marehemu, tuliyeachiana naye ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Meja mstaafu Daktari Zipora Makoye. Kabla sijaanza niseme jambo moja, ili asiwepo wa kushtuka katikati: jana, kwenye kikao cha kamati ya mazishi, niliombwa, kwa adabu kabisa, niandike kwamba marehemu ameacha machapisho kumi na matatu, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwenye barua ya rambirambi ya taasisi ya utafiti aliyofanya nayo kazi, na wawakilishi wake wameketi hapa mbele yangu na shada lao. Nilikubali kufupisha historia, nikakubali kuacha habari za mashamba, lakini hilo nililikataa, na ninalikataa tena mbele ya jeneza lake. Yalikuwa kumi na manne, na tutalifikia hilo la kumi na nne.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika kijiji hiki cha Ng'wabusili, wilaya ya Shinyanga Vijijini, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Makoye Nkwabi na Mama Rhoda, na kati ya hao sita, leo tumebaki watatu. Alizaliwa kipindi cha mvua, mkunga akiwa amekwama ng'ambo ya mto, kwa hiyo bibi yetu ndiye aliyempokea, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitoka akiwa amekunja ngumi na hakuzikunjua mpaka jioni. Mimi sikuwepo, lakini kwa miaka sitini na kitu niliyoishi naye naamini kila neno.

Zizi mnaloliona nyuma ya hema ndilo alilokulia, ingawa miti yake imebadilishwa mara nyingi, na naomba mlitazame vizuri kwa sababu kazi yake yote ilianzia hapo. Baba yetu alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwahesabu hata siku moja, yaani hakuwa mtu wa kusimama mlangoni na kusema moja, mbili, tatu. Wakirudi machungani aliwatazama tu, kama mama anavyotazama watoto wakati wa kula, kisha anasema yule mwekundu mwenye baka jeupe begani hayupo, nendeni mkamtafute. Alitufundisha na sisi hivyo hivyo, wavulana kwa wasichana, na Zipora alikuwa hodari kuliko sisi sote, akiwa na miaka sita tayari alikuwa anamsahihisha kaka yetu mkubwa. Mimi, kwa aibu kubwa, nilikuwa nahesabu kwa vidole kwa siri, na ndiyo maana nikaishia kuwa mwalimu wa hesabu.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1969 akamaliza mwaka 1975, akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyechaguliwa kuendelea, na baba alipoambiwa na wenzake kwamba binti akisoma sana hataolewa, aliwajibu kwamba ng'ombe wa mahari anao tayari zizini, hahitaji wa kuazima. Alisoma sekondari mjini Shinyanga kuanzia 1976 hadi 1979, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, akasomea uuguzi, na tarehe 2 Julai 1984 akaingia jeshini akiwa muuguzi. Hakuacha kusoma, alipata shahada ya kwanza ya saikolojia mwaka 1996, ya pili mwaka 2003, na ya udaktari wa falsafa, katika sayansi ya ubongo na tabia, tarehe 18 Novemba 2011, akiwa na miaka hamsini, na siku ile alivaa joho juu ya gwanda kwa sababu alikuwa na zamu saa nane mchana.

Tarehe 17 Septemba 1988, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yangu Pantaleo, Msumbwa, mchora mabango wa pale Kahama, ambaye nusu ya vinyozi na maduka ya dawa ya mji ule yaliandikwa majina kwa mkono wake. Walijaliwa watoto watatu, Mariana mwaka 1989, Adam mwaka 1992 na Ritha mwaka 1996, na wajukuu saba. Watu walimcheka, kwamba ofisa wa jeshi ameolewa na mpaka rangi, na yeye aliwaambia kwamba mume wake akikosea kazi, kosa linasomwa na mji mzima, kwa hiyo ni mtu makini kuliko wao. Shemeji, najua hupendi kutajwa, lakini vumilia, utatajwa tena.

Sasa kazi yake. Zipora aliuguza askari waliopatwa na mishindo, wa mizinga, wa mabomu, wa ajali za mafunzo na wa operesheni za kulinda amani nje ya nchi, na aliona kitu ambacho wengi hawakukijali, kwamba mtu anatoka bila hata mkwaruzo, lakini baada ya miezi miwili anasahau jina la mtoto wake, anakasirika bila sababu, halali, na mkewe anarudi kwao akidhani mumewe ameoa mwingine. Andiko lake la kwanza lilichapishwa mwezi Aprili 1998, kuhusu maumivu ya kichwa kwa askari wa mizinga, la pili lilikuwa la usingizi, la tatu lilihusu wake za askari, kwa sababu alisema ukitaka kujua ubongo wa mwanaume umepata nini, usimuulize mwanaume. Sitayasoma yote, MC ameshanyoosha shingo kutazama saa, lakini yamo kwenye kijitabu mlichopewa, na nawaomba msiyafungie maandazi.

Mwaka 2003 aliletewa askari kijana aitwaye Mwigulu, mtoto wa wafugaji wa huku huku kwetu, ambaye kombora lilipasuka karibu naye mafunzoni. Alipimwa kumbukumbu kwa karatasi zilizotoka nchi za nje, anasomewa maneno na namba nyingi, aziseme kwa mpangilio, halafu azirudie kinyumenyume, na Mwigulu alikaa pale akitokwa jasho, akapata alama za chini kabisa, na ikaandikwa kwamba ubongo umeharibika na hafai tena kwa kazi. Zipora aliisoma ripoti, akamtazama kijana, akamwombea ruhusa ya siku nne, akampandisha basi mpaka hapa nyumbani. Jioni ng'ombe wakaingia zizini, Mwigulu akasimama pale kwenye nguzo ya mlango akiwatazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, hakuambiwa kitu chochote, na asubuhi baba akawa amewatoa ng'ombe watatu akawaficha kwa jirani. Mwigulu aliamkia wazee, mwangaluka, mwangaluka, akatupa jicho zizini, akasema mzee mbona umeibiwa, akawataja wote watatu kwa rangi na pembe, na kwamba mmoja wao alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, jambo ambalo hata baba alikuwa hajaliona. Ripoti ikaandikwa upya, Mwigulu akatumikia jeshi miaka kumi na tisa zaidi, na ndiye huyo bwana mrefu aliyebeba jeneza upande wa kulia.

Kosa lilikuwa la karatasi, na dada yangu akaamua kutengeneza kipimo chake. Alimleta shemeji Pantaleo hapa na makopo yake ya rangi, akamkalisha juu ya ndoo kando ya zizi kwa wiki mbili, naye akachora ng'ombe ishirini, kila mmoja kwenye kadi yake, ng'ombe wa baba yetu, wa kweli, tuliowajua kama tunavyojuana. Mpimwaji anazitazama kadi zikiwa zimepangwa kama zizi, anageuka, moja inaondolewa, anaulizwa nani hayupo, na hivyo mara kumi, bila kalamu, bila kusoma, bila kumtia mtu mzima aibu. Alikiita Kipimo cha Zizi. Alipostaafu mwezi Machi 2016 kwa cheo cha Meja, alihamia Kahama, akakipeleka kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Bugarama na Geita, kwa sababu alisema baruti ni baruti, haiulizi kama umevaa gwanda au kaptura, na pale mtu anakaa karibu na mlipuko mara tatu kwa wiki bila cheo wala pensheni. Kati ya 2017 na 2019 aliwapima watu sitini na wawili, askari wastaafu na wachimbaji, akikaa nao kando ya karasha la kusaga mawe, mavumbi yakimwingia puani, na wao wakimwita Mayu Meja, yaani Mama Meja.

Alikuwa na kanuni moja iliyowachosha wasomi wenzake. Kwake andiko halikuwa limechapishwa kwa kutoka tu kwenye jarida, lilikuwa limechapishwa siku liliposomwa kwa sauti mbele ya watu waliopimwa, kwa lugha ya nyumbani kwao, nao wakapewa nafasi ya kubisha. Alikuwa na daftari la kaunta la jalada jekundu, kila andiko lina mstari wake, na kila mstari una tarehe mbili, ya jarida na ya kusomwa, na kuna andiko moja alilifuta baada ya kusomwa, kwa sababu mke wa askari alisimama akasema mume wangu hakukwambia ukweli, naye akarudi kupima upya. Maandiko kumi na matatu yana tarehe zote mbili. Mstari wa kumi na nne una tarehe moja.

Mstari huo ni wa Kipimo cha Zizi, andiko lililotoka kwenye jarida mwezi Agosti 2021, na jina la Zipora Makoye halikuwemo kati ya waandishi. Mwenzake waliyeshirikiana naye kwenye taasisi ile ya utafiti, ambaye alipewa kadi, majedwali na rasimu yote ili aipitie tu, aliipeleka kwa jina lake na majina ya wengine wawili ambao hawajawahi kukanyaga Bugarama. Sitamtaja. Mwenye ujuzi wa kuondoa majina ya watu ni yeye, leo nimeuazima. Dada yangu alitajwa mwishoni, kwenye shukrani, baada ya dereva, wakisema wanamshukuru Bibi Zipora kwa kusaidia kutafsiri. Nilipousoma mstari huo nilitupa miwani, nikavunja kioo kimoja, na bado ninaivaa hivyo hivyo, kama mnavyoiona, ili nisisahau.

Aliandika barua tatu akajibiwa moja, kwamba amekwisha staafu na hana taasisi, na kwamba kadi zenyewe ni michoro ya mtu wa mabango. Wengi tulimshauri ayaache, mimi nikiwa mmojawapo, na hilo naliungama hapa hadharani, nilimwambia dada, una miaka sitini, umechapisha kumi na matatu, moja lina nini. Baada ya wiki aliniuliza kama baba angeambiwa ng'ombe mmoja tu hayupo angelala. Wachimbaji nao walikuwa wanamdai majibu yao, kila akipita wanamuuliza Mayu, lile letu utalisoma lini, naye alishindwa, kwa sababu hakuweza kusimama mbele ya watu aliowapima kwa mikono yake akawasomea kazi yake kwa jina la mtu mwingine, na kuwasomea kwa jina lake aliona ni kama kubishana na karatasi iliyokwisha pigwa mhuri. Alisema atasubiri wasahihishe. Akasubiri miaka minne.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa anamenya viazi nyumbani kwake, alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa na maneno yakakauka, akakimbizwa hospitali. Siku ya kumi na moja daktari kijana, Daktari Bhoke, ambaye yuko hapa, alikuja kupima kumbukumbu yake, akafungua mkoba, akapanga kitandani kadi ishirini za ng'ombe. Zilikuwa zimechapwa upya, zinang'aa, jina la yule mwenzake wa taasisi liko nyuma ya kila moja. Marehemu alizitazama, akaanza kuzipigapiga kwa ukucha wa mkono mzima, anaigeuza kadi, anapiga lile jina, anaigeuza tena, mpaka Daktari Bhoke akadhani mgonjwa amechanganyikiwa na akataka kuahirisha. Hapo shemeji Pantaleo, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alisimama, akashika kadi ya tisa, ng'ombe mweupe mwenye sikio la kushoto lililochanika, akasema daktari, ng'ombe huyu aliraruliwa sikio na fisi nyumbani kwa mkwe wangu, nilimchora mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya ndoo, muulize huyo aliyeandika jina lake, fisi alitokea upande gani.

Daktari Bhoke akafanya alichopaswa kufanya, akampima. Mara ya kwanza marehemu alionyesha kwa kidole mahali pa ng'ombe aliyeondolewa na rangi yake kwenye orodha, mara ya pili vivyo hivyo, na mara zote kumi hakukosa hata moja, mdomo umepinda na machozi yanamtiririka. Daktari aliandika kwenye faili, na nakala tunayo, kwamba mgonjwa hana kasoro ya kumbukumbu, na chini yake, kwa mwandiko wake, akaongeza kwamba kipimo kilichotumika ni cha mgonjwa mwenyewe. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya hospitali au ya chuo iliyolisema hilo, na dada yangu aliilalia chini ya mto mpaka mwisho.

Alirudi nyumbani mwezi Aprili, akaanza kusema neno moja moja, akapatwa na kiharusi cha pili, na Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa tano asubuhi, mwanae Ritha akiwa amemshika mkono, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi mitatu na siku tatu.

Shukrani nazitoa sasa, kwa sababu nikimaliza kinachofuata sitataka kuongeza neno. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na kwa namna ya pekee Daktari Bhoke, tunalishukuru jeshi kwa heshima mliyompa askari wenu, tunawashukuru majirani wa Kahama mliopika na kuchota maji tangu siku ya kwanza, wenzake wa kazini, kanisa, na wachimbaji, wabeja sana. Tunaishukuru pia taasisi kwa shada, maua hayana kosa, yatawekwa kaburini pamoja na mengine. Mzee mmoja wa kamati aliniambia msiba si mahakama, na ninakubaliana naye, sijamshtaki mtu hapa, nimesoma historia, na mwenye historia tofauti aje aisome siku ya kwake.

Kati ya watu sitini na wawili waliopimwa, watano wametangulia, na nimeambiwa arobaini na mmoja wako hapa. Naomba msimame. Msiogope, hampimwi. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba mngekuwa wachache, nafuta hilo. Ninyi mlimuuliza Mayu lile lenu litasomwa lini, na jibu ni leo, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, na nikishamaliza kwa Kiswahili nitarudia kwa Kisukuma, na mwenye kubisha abishe, ndivyo alivyotaka.

Andiko la kumi na nne. Kipimo cha Zizi, namna ya kupima kumbukumbu ya askari na wachimbaji waliokaa karibu na mishindo. Limeandikwa na Zipora Makoye. Kadi zimechorwa na Pantaleo mumewe. Limegundua kwamba kati yenu, waliokaa karibu na milipuko kwa miaka mingi zaidi ndio waliosahau zaidi, askari na mchimbaji sawasawa, na kwamba walioacha kushuka duarani mpaka siku ya pili baada ya kulipua walisahau kidogo kuliko walioshuka siku ile ile. Limegundua kwamba wengi mlioambiwa hamna akili, kwa kuwa hamkuweza kusema namba kinyumenyume, mlimjua ng'ombe aliyekosekana bila kusita. Na mwishoni, kwa mwandiko wake, kwenye rasimu niliyoishika hapa, ameandika maneno ambayo hayakuwekwa kwenye jarida, nayo ni haya: waambieni kwamba kusahau kwao si uvivu, wala si ulevi, wala hawajarogwa, ni kazi waliyofanya imewaumiza, na wake zao wajue hivyo.

Mariana, mwanangu, fungua daftari la mama yako, mstari wa kumi na nne, nafasi ya pili, andika tarehe ya leo. Andika kwa kalamu ya wino.

Shikamoo dada. Baba angetazama zizi lako jioni hii angeona wote wamerudi. Lala sasa, pumzika kwa amani.